Sindano Iliyokataa Kupanda

"Fundi, hiyo geji ya presha imekufa."

Mwenzangu alininong'oneza hivyo mwaka 2018, tukiwa kwenye nyumba ya pampu ya Underfall Yard, karakana ya bandari ya Bristol, Uingereza. Pampu zilikuwa zinanguruma, nje mzigo wa akumuleta, mtambo wa kutunza maji ya presha, umeshaanza kupaa, lakini sindano imeganda kwenye pauni 750 kwa inchi ya mraba, yaani kama bar 52. Kwa sisi tuliozoea haidroliki za mafuta, mitambo inayosukumwa na mafuta yenye presha, pampu ikisukuma na presha isipande, huo ni ugonjwa.

Geji ilikuwa nzima. Jengo lile la matofali ni la 1888. Mvuke ulipisha pampu za umeme mwaka 1907, na maji ya presha yakaendelea kufungua milango ya bandari hadi 2010. Anayeshika presha ni akumuleta: pistoni iliyosimama wima ndani ya silinda, imebebeshwa uzito. Gawa uzito kwa eneo la pistoni, umepata presha, basi. Pistoni ya kipenyo cha sentimita 45 inadai karibu tani 84 ili itoe bar 52. Pampu ikiongeza maji, kinachopanda ni mzigo. Ukifika juu unazima pampu wenyewe. Enzi za mvuke ulivuta mnyororo wa kufunga valvu.

Wengi hudhani ni ghala kubwa la nguvu. Piga hesabu: pistoni hiyohiyo ikipanda mita 6 inaweka lita 950 hivi, ambazo hazifiki yuniti moja na nusu ya umeme. Birika la kilowati 2 lingezimaliza kabla ya dakika 45! Ubora wake ni kuzitoa kwa kasi kreni inaponyanyua, kisha pampu ndogo ijaze taratibu.

Valvu ikafunguliwa, mzigo ukaanza kushuka, na hapo sindano ikarudi nyuma kiduchu. Hiyo ni kazi ya pakingi, kizibo kinachozunguka pistoni ili maji yasivuje. Mzigo ukipanda, msuguano wake huongeza presha, ukishuka, huipunguza. Pakingi ya zamani ni katani iliyoshiba mafuta ya ng'ombe: vipande hukatwa mshazari, maungio yasifuatane, nati zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana pande. Ukikaza mno, pistoni inanata, inashuka kwa mikupuo, na kila mkupuo unagonga mabomba kama nyundo. Ukilegeza, inamwaga. Inatakiwa itoe chozi tu.

Mwenzangu akachungulia chini ya mzigo uliokwisha kutulia, akaniita kwa kidole. Pistoni ilikuwa inang'aa, na pembeni tone moja linajivuta.

"Haijafa," akasema.