Mama anasubiri mofini

Mofini ya maji anayokunywa mama ni dawa ya kutuliza maumivu makali, unga wake tu uliochanganywa na maji, haina makuu. Anakunywa kila baada ya saa nne, na ya kulalia anaongezewa ili afike alfajiri. Akiipata, anakaa barazani anachambua mchicha na kumgombeza mjukuu. Ikiisha, hata shuka likimgusa kiuno analia.

Hospitali ya karibu hawana, wananipa panadoli. Inabidi nipande basi hadi mjini, yeye huku nyuma anagugumia. Halafu jirani ananiambia, "Utamfanya teja." Jamani, mama ana saratani!

Uganda, tangu 2004, wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kuwatuliza maumivu wenye magonjwa mazito kama mama, wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini. Muuguzi wa zahanati yetu naye apewe mafunzo na kibali hicho.