Sifuri ya Kasi

Leo nimeshinda mbele ya picha moja tu ya ukingo wa plazma, yaani gesi ya moto mno ambayo atomi zake zimepoteza elektroni na kuwa ioni. Imejaa milia myembamba ya mwanga na giza, na asiyeifahamu angedhani kamera imeharibika, kumbe milia hiyo ndiyo kipimo chenyewe cha kasi ya ioni. Fuwele iliyo ndani ya kifaa huugawa mwanga kuwa miale miwili yenye kasi tofauti, nayo inapokutana tena huchora milia juu ya picha. Ioni zikielekea upande wa kamera, urefu wa wimbi la mwanga wake hupungua kidogo, na milia husogea. Njia hii iliendelezwa na John Howard wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, kisha ikatumika kwenye mitambo ya utafiti wa muungano wa nyuklia kama DIII-D ya Marekani, MAST ya Uingereza na Wendelstein 7-X ya Greifswald, Ujerumani.

Jambo ambalo bado linanishangaza ni kwamba ioni tunayoitaka hasa haionekani. Hidrojeni ikishapoteza elektroni yake pekee, haina tena cha kutolea mstari wa mwanga, yaani mwanga wa urefu wa wimbi mmoja mahususi. Basi tunaifuata kaboni iliyobanduka kwenye vigae vya ukuta, ambayo ikibaki na elektroni 4 hung'aa kwa rangi ya buluu, kwa urefu wa wimbi wa karibu nanomita 465. Ndivyo mvuvi anavyousoma mkondo kwa kutazama povu, ila kaboni ni nzito, na karibu na kigae ilikotoka huenda bado haijashika mwendo wa wenzake.

Ioni ikienda kilomita 10 kwa sekunde, urefu wa wimbi la mwanga wake hubadilika kwa sehemu 1 tu kati ya 30,000. Fuwele inayochelewesha mwale mmoja kwa mawimbi 1,000 huifanya milia isogee sehemu 1 kati ya 30 ya nafasi iliyo baina yake. Hicho ndicho chote tulicho nacho.

Wiki iliyopita nilifurahia kwa nusu siku mkondo wa ioni uliokuwa ukiongezeka jaribio baada ya jaribio, hadi nilipofungua kumbukumbu za halijoto na kukuta sanduku la fuwele lilikuwa limepata joto kidogo kidogo tangu asubuhi. Fuwele ikipata joto, milia husogea vilevile, hata ioni zikiwa zimetulia. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuuamini. Tangu hapo naona kazi ngumu kuliko zote ni kuijua sifuri, yaani mahali milia inapokaa pasipo mwendo wowote. Taa ya kadimiamu hutoa mstari wa nanomita 467.8, ulio jirani lakini si wenyewe, hivyo pengo lililobaki hujazwa kwa hesabu ya tabia ya fuwele; Greifswald wanatumia leza inayorekebishika, inayoufikia urefu wa wimbi unaohitajika, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia iliyo salama.

Sisi tunayo taa. Kuanzia kesho nitaipiga picha kabla na baada ya kila jaribio, na halijoto ya sanduku nitaiandika kwa mkono pembeni mwa kila picha.