Siku ya moko ya Jiografia

Saa 12:40 asubuhi niko juu ya bodaboda, milima ya Uluguru bado imejifunika mawingu. Nafundisha Baiolojia katika shule ya kata nje kidogo ya mji wa Morogoro, na pia ni mwalimu wa ushauri nasaha. Kazi hiyo ya pili haina posho wala ofisi. Nina meza stoo, kati ya nyavu za netiboli na ndoo ya chaki.

Saa 1:20, getini. Mwalimu wa zamu amewapanga waliochelewa, kila mmoja na fyekeo lake. Mmoja wao ni binti wa Kidato cha Tatu aliyerudi Januari baada ya kujifungua. Zamani mimba ilikuwa tiketi ya kuondoka moja kwa moja. Waraka wa Novemba 2021 ndio uliowarudisha mabinti hawa darasani. Waraka umefungua geti la wizara. Geti letu lina mwalimu wa zamu.

Binti amefunga sweta mpaka shingoni na jua limeshachomoza. Najua kwa nini: maziwa yamelowesha shati. Nikamvuta mwenzangu pembeni.

"Kaka, huyu ananyonyesha kwanza ndipo atoke nyumbani."

"Nikimwachia huyu, hawa wengine niwaambie nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sikumwona mbaya kwa kuuliza. Tulikubaliana binti aingie mpaka saa 1:45, iandikwe kwenye daftari la zamu ili kesho asianze kujieleza upya kwa mwalimu mwingine mbele ya watu. Fyekeo akaliacha. Waliobaki walimtazama anavyokwenda, na sidhani wote walimtazama kwa wema.

Mstarini leo hakuna majina. Hadi mwaka jana wasiolipa mchango wa chakula walikuwa wakisomwa hadharani, kisha saa ya kula wanajifanya wana kazi maktaba. Ada ilifutwa Januari 2016 hadi Kidato cha Nne, na kwa cha Tano na cha Sita mwaka 2022, lakini makande hayakufutiwa chochote. Siku hizi deni linakwenda kwa mzazi kupitia mwalimu wa darasa, mwenye mahindi analeta debe, na sufuria haiulizi jina.

Saa 4:00, steshenari, mimi na mwalimu wa taaluma, tunatoa nakala za moko, mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, bahasha imefungwa gundi. Mwenye mashine anageuzwa atazame ukuta kwa sababu ya siri ya mtihani, naye hilo linamchekesha kila mara.

Hapa lazima nieleze kosa langu. Tuna kijana wa Kidato cha Nne mwenye ualbino na uoni hafifu. Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa kama yeye karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, 10 kwenye masomo mengine. Muhula uliopita tukasema na sisi tufanye hivyo hivyo. Nikachukua karatasi ya Jiografia, nikaikuza yote kutoka A4 kwenda A3, asilimia 141, nikajiona mtu wa maana.

Ramani nayo ikakua. Skeli yake, 1:50,000, ikabaki vilevile kwa maandishi. Barabara ya sentimita 10, yaani kilomita 5, kwake ikawa sentimita 14. Akapima vizuri, akazidisha vizuri, akaandika kilomita 7, akawekewa mkasi. Alipokuja kulalamika nilimwambia awe makini na rula! Mwalimu wa Jiografia ndiye aliyegundua, wiki mbili baadaye, karatasi mbili zikiwa mezani kwake kwa bahati. Alama tulimrudishia. Ile kauli ya rula nilimwomba radhi, naye akasema, "Haina shida madamu," kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema hivyo.

Kwa hiyo leo maswali yanakuzwa, ramani inabaki saizi yake, na mfukoni nina lenzi ya mkono kutoka maabara, ile tunayotazamia miguu ya panzi.

Saa 5:20, Kidato cha Pili, usanisinuru. Nauliza kwa Kiingereza, kimya. Nauliza mchicha ukifunikwa ndoo siku tano utakuwaje, mikono kumi hewani, na msichana ambaye tangu Januari sijamsikia anaeleza vizuri kuliko kitabu. Jibu lake tunalitafsiri pamoja ubaoni. Naambiwa nawadekeza, watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, sijui nimewadekeza nini.

Saa 8:00 mchana, moko inaanza. Kijana amekaa mbele, mbali na dirisha, maana mwanga wa pembeni unamuumiza macho. Kofia yake pana iko chini ya dawati. Hiyo nayo ilihitaji kikao kizima, kwamba si utovu wa nidhamu.

Saa 11:00 jioni kengele inalia na msimamizi anaanza kukusanya karatasi zote. Nakimbia kutoka stoo. Nilimweleza kila mtu habari za ramani, huyu sikumwambia habari za muda. Ana basi la kuwahi, kakunja uso, na ana haki. Nikamwambia aende, nikakaa mimi.

Darasa tupu, yeye na mimi, dakika 30. Anainamia ramani mpaka pua inakaribia kugusa karatasi, lenzi inatembea polepole juu ya mistari ya kontua, inasimama, inarudi. Rula. Kalamu. Rula tena.

Saa 11:30 ananikabidhi karatasi, lenzi juu yake.

"Madamu, reli ni kilomita nne na nusu?"

"Mimi ni wa Baiolojia, mwanangu. Vaa kofia twende."