Rio kwa siku moja

Jana mimi na mume wangu tulikodi mwongoza watalii wetu wenyewe, akatuzungusha Rio de Janeiro kutwa nzima. Mlima Corcovado tulifika asubuhi na mapema, ukungu umetanda, ile sanamu ya Kristo ya mita 30 hatukuiona hata kidole! Mara wingu likapasuka, watu wakashangilia kama goli limefungwa.

Ngazi za Selarón, zile zilizopambwa kwa vigae vya rangi, nzuri, ila foleni ya kupiga picha, mh.

Kilichonikaa moyoni ni Valongo, gati walikoshushwa watumwa, lililofukuliwa mwaka 2011. Mawe tu, kando ya barabara. Mwongozaji akatuambia wengine waliletwa kutoka Msumbiji. Nikanyamaza.

Mchana tukala maharage meusi na unga wa muhogo uliokaangwa. Mume wangu bado anauliza kwa nini hawakuusonga.