Chi kwenye gogo: mkono umetoka!

Mkono wa kushoto wa sanamu ninayoichonga kwenye gogo umetoka, na safari hii haufanani na kona ya bomba. Mkao ni Mjeledi Mmoja wa taichi, mchezo wa Kichina wa mwendo wa polepole: kiganja cha kushoto kinasukuma mbele, vidole vya kulia vimekunjwa nyuma.

Kilichonikwamisha muda wote ni kiuno. Wachina wa taichi wanasema nguvu huanzia nyayoni, ikapanda miguuni, ikaongozwa na kiuno, ikatokea vidoleni. Mchongaji Ju Ming wa Taiwan, aliyeanza sanamu zake za taichi miaka ya 1970 baada ya mwalimu wake Yang Yuyu kumshauri aufanyie mazoezi mchezo huo, alikuwa akipasua gogo na kuuacha mpasuko kama ulivyo. Jicho linaufuata, na chi, ile pumzi ya uhai, unaiona inapita. Mimi kila nikipiga kabari kwenye msindano, ufa unashuka wima, haujali kiuno wala bega. Nikiulazimisha upinde kwa patasi, nyuzi zinakatika na chi inafia hapohapo. Mvule ndio usiseme! Nyuzi zinapishana, ufa unakwenda unakotaka wenyewe.

Dawa nimeikuta kwa muuza kuni: gogo la mkaratusi lililokua limeinama, likapinda kulitafuta jua. Nyuzi zenyewe zinatoka kisigino cha kulia, zinazunguka kiunoni, zinaishia kiganjani. Nikagonga taratibu, ufa ukalifuata pindo lote mpaka mwisho. Nilipiga kelele, mbwa wa jirani akajibu.

Kabari nilizotumia ni za mpingo. Za chuma zinaponda kingo za ufa na kuacha alama. Grainda ibaki kwenye magome tu, na msasa hauingii kabisa kwenye kazi hii: ukilainisha mpasuko umebaki na kiti cha sebuleni. Vichwa vya gogo nimevipaka rangi nzito, maana mkaratusi ukikauka haraka unajipasua bila kukuuliza.

Ratiba ilisema sasa ni mkono wa kulia, halafu mafuta, halafu kitako. Vitasubiri. Nimeanza kuangalia yale mawe ya Ziwa Tai, China, ambayo wasomi wa zamani waliyaweka bustanini kwa sababu ya matundu yake, pumzi ipite ndani ya jiwe. Nataka tundu kifuani, palepale ufa unapogeukia bega. Natafuta keekee ya mkono, ya umeme inaunguza kingo.