Taa ya baiskeli niliyoipima kwa mzani wa viungo

Kila niliyemuuliza ninunue taa gani ya baiskeli alinijibu vilevile: "Taa ni taa, chukua ya mia sita." Hao hawavuki Daraja la Nyali, hapa Mombasa, usiku. Mimi natoka kazini Changamwe magharibi imeshapita, nakwenda Kisauni, na dereva wa lori pale Makupa hakuoni mpaka ummulike.

Ya mia sita niliichukua kweli, lakini kwa sababu zangu: kichwa cha alumini, kioo safi, na betri inayotoka. Betri yenyewe iliandikwa mAh 9,900, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Ni aina ya 18650, yaani upana milimita 18, urefu 65, na zile bora za viwanda vya Japani na Korea kwa miaka mingi zimekuwa kama mAh 3,500. Hizo elfu sita na zaidi zimekaa wapi?

Nikaenda nayo Marikiti, kwa mzee muuza viungo mwenye kamzani ka kupimia zafarani.

"Ami, nipimie hii."

Akasogeza iliki pembeni, akaiweka. Gramu 24! Betri ya kweli ya aina hiyo huwa gramu 45 hivi. Mzee akaitikisa sikioni, akasema, "Mwanangu, umeuziwa ganda." Wateja wawili wakaanza kuuliza na za kwao zipimwe. Nilitoka pale kifua mbele.

Fundi wa laptop akanifungulia betri kuukuu ya laptop, maana ndani yake mara nyingi mna seli, yaani betri ndogo, hizohizo za 18650. Akazipitisha mita, zilizoshuka chini ya volti 2.5 akazitupa, akanipa moja nzima kwa mia mbili na kitu. Gramu 46. Sasa nafika nyumbani taa bado kali.

Ya nyuma sikubania. Nilinunua CatEye, kampuni ya Osaka, elfu nne na ushee. Ya mbele ikizima unajua papo hapo. Ya nyuma ikizima hujui, anayejua ni matatu iliyo mgongoni mwako. Tena ndiyo inayorushiwa maji na gurudumu, na kwa chumvi ya hewa yetu zile rahisi huota kutu ya kijani kwenye tundu la chaji. Tafuta alama ya IPX4 au zaidi: hiyo ya 4 inahimili maji ya kurushwa, si ya kuzamishwa.

Ya mbele iinamishe imulike lami, usiwapofue wanaokuja. Na seli ya laptop haina kinga yake yenyewe ya kuzuia chaji kupita kiasi, kwa hivyo naichaji Jumapili mchana nikiwa macho, kamwe si usiku nimelala.