Mkono mmoja wa merikani: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari 6

Lengo ni dogo hadi linachekesha: kufuma kitambaa cha urefu wa mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kwa pamba mbichi na vidole vyangu mwenyewe. Nataka kiwe merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa ambayo wazee wetu waliiita kwa jina la nchi ilikotoka. Mwaka mzima uliopita nimesoma habari za kampuni za kwanza za nguo za Massachusetts na Rhode Island. Nimefika mahali najua majina ya wenye hisa, ila sijui uzi unakatikaje.

Shemeji yangu wa Maswa amefika leo hapa Mwanza na kiroba cha pamba.

"Shemeji, unajaza godoro?"

"Nafuma nguo."

Akamtazama dada yake kama anayempa pole.

Januari 13

Kuchambua. Mbegu za pamba hii zimeng'ang'ania nyuzi kama kupe. Jioni nzima, redio ikiimba pembeni, nimepata kikombe kimoja cha chai cha pamba safi, tena ya kushindilia.

Marekani nayo ilikwama hapa hapa. Pamba ya nyuzi fupi ilistawi bara huko Kusini, lakini kuitoa mbegu kwa mkono kulimaliza faida yote. Eli Whitney akapata hataza ya mashine yake ya kuchambua mwaka 1794, na mashamba yakatapakaa. Kazi iliyookolewa kwenye kuchambua iliongezeka maradufu kwenye kulima na kuchuma, nayo ilifanywa na watumwa. Hili nimeliandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu vitabu vingi vya sifa za viwanda vya Kaskazini hulipitia mbio mbio.

Januari 27

Nimechonga kijiti, nikakichomeka kwenye duara la ubao, nikaanza kusokota. Mita 11 kwa jioni moja! Uzi wenyewe huku mnene kama kamba ya mbuzi, kule mwembamba kama utando wa buibui, na kila penye utando unakatika.

Nilipomaliza kuunga nilimrudia Samuel Slater kwa heshima mpya. Alikuwa Mwingereza, aliyefunzwa kazi Belper katika kiwanda cha Jedediah Strutt. Uingereza wakati ule ilikataza mashine za nguo na mafundi wake kutoka nchini. Slater akaondoka mwaka 1789 bila mchoro wowote, mashine zote zikiwa kichwani. Kule Pawtucket, Rhode Island, matajiri wa kampuni ya Almy na Brown walikuwa tayari na mitambo isiyofanya kazi vizuri. Akaiunda upya, na mwaka 1790 ikasokota uzi kwa nguvu ya maji. Jengo lenyewe lililosimama hadi leo ni la 1793. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto wa miaka 7 hadi 12, ambao vidole vyao vyembamba viliunga nyuzi zilizokatika. Nimeunga nyuzi leo kwa saa tatu, nikiwa mtu mzima niliyekaa kwenye kiti cha mto, na kidole gumba bado kinawaka.

Ila kiwanda cha Slater kilitoa uzi tu. Kufuma kuligawiwa majumbani, kwa wafumaji waliofuma kwa mkono na kwa wakati wao, kati ya kukamua ng'ombe na kuvuna. Kampuni ilikuwa na uzi mwingi kuliko mikono ya kuufuma.

Februari 10

Wiki mbili sijagusa. Umeme, msiba, mvua.

Februari 24

Fremu ya mbao na misumari imekamilika. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda urefu, ni 60 katika upana wa sentimita 12. Nilipozikaza zikakatika 14 kabla hata sijapitisha mshindio wa kwanza, yaani uzi wa kukatiza. Nikazifungua zote, nikapika uji mwepesi wa muhogo, nikazipaka na kuzianika kwenye kamba ya nguo. Zimekuwa ngumu kidogo na hazitoi manyoya. Mama Neema anasema kamba yake sasa inanuka jikoni.

Huo uji kiwandani ulikuwa na mashine yake, na hapo ndipo ninapoiona tofauti ya kampuni iliyokuja baada ya Slater. Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, alikaa Uingereza kuanzia 1810 hadi 1812, akatembelea viwanda, akatazama mashine za kufumia, akarudi nazo kichwani kama Slater. (Waingereza walilinda bandari, wakasahau vichwa.) Hakuwa fundi. Fundi alikuwa Paul Moody, na nadhani kampuni hii ingestahili jina lake zaidi. Boston Manufacturing Company iliandikishwa mwaka 1813, ikiwa na ruhusa ya mtaji wa dola 400,000, na kiwanda chake kikaanza kazi mwaka uliofuata kando ya Mto Charles, Waltham, Massachusetts. Kuchana, kusokota, kupaka wanga, kufuma: yote ndani ya jengo moja, yakizungushwa kwa nguvu ya maji. Pamba iliingia kwa mlango huu, nguo ikatoka kwa ule.

Kabla ya fremu hii niliyaona hayo kama habari ya ujenzi tu. Sasa najua kwamba uzi wangu mbaya wa Januari ndio unaonisumbua Februari, na msokotaji na mfumaji wakiwa mtu mmoja hawana wa kumtupia lawama. Pale Waltham uzi ukikatika kwenye mashine ya kufumia, msimamizi alikwenda ghorofa nyingine tu kumtafuta aliyeusokota.

Lowell alifariki 1817. Wenzake wakahamia penye maji mengi zaidi, maporomoko ya Pawtucket (si ile Pawtucket ya Slater) kwenye Mto Merrimack, Massachusetts, yenye anguko la kama mita 10. Merrimack Manufacturing Company ikaanza kazi huko 1823, na mji ukapewa jina la Lowell mwaka 1826. Kampuni zikafuatana: Hamilton, Appleton, Suffolk, Tremont, Boott. Wafanyakazi wengi walikuwa mabinti wa wakulima, wakilala mabwenini na kuamshwa kwa kengele. Waligoma mwaka 1834 walipopunguziwa mshahara, na tena 1836 gharama za bweni zilipopandishwa.

Machi 9

Sokoni. Nimeuliza merikani, mwenye duka akaniuliza, "Ya kudarizia vitambaa vya makochi, kaka?" Nimenunua yadi moja ya kulinganishia. Nilipomwambia jina lilitoka wapi alisema yeye anajua imetoka Kariakoo.

Njia ya merikani kuja kwetu ilipita Salem, bandari ya Massachusetts. Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini Muscat mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kama konseli wa kwanza wa Marekani. Merikebu zilileta majora, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid, Sultana, likaenda New York chini ya Ahmad bin Naaman, na nguo za pamba zilikuwamo katika shehena ya kurudi. Kampuni ya Naumkeag ilijenga kiwanda cha mvuke pale pale Salem, kikaanza kazi 1847.

Kutoka pwani misafara iliyabeba majora hayo hadi Tabora na Ujiji, ikalipia posho na hongo (ushuru wa kupita) kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, nguo za Uingereza na Bombay zikaziba pengo, nazo zikaitwa merikani vile vile.

Kuna jambo moja limenikaa. Kampuni za kule ziliuza nguo nzito za bei ya chini pia kwa wenye mashamba wa Kusini, za kuwavisha watumwa waliochuma pamba ile ile. Huko nguo hiyo iliitwa "lowell". Sisi tuliita kwa jina la nchi, wao kwa jina la mji.

Machi 23

Nimefika sentimita 19. Kingo zimejikunja ndani kama kiuno cha nyigu, kwa sababu navuta mshindio kupita kiasi. Nikikiweka kitambaa changu kando ya yadi ya dukani, kinaonekana chujio la tui.

Nimepiga hesabu: kwa ulegevu huu huu, jora la yadi 30 lenye upana wa yadi moja lingekula karibu kilomita 25 za uzi. Kwa mita zangu 11 kila jioni, ni zaidi ya miaka sita ya kusokota, na kufuma bado.

Pamba ya kikombe imeisha. Shemeji amepigiwa simu, ameahidi kiroba kingine, ila safari hii anataka alipwe. Nimemwambia nitamlipa kwa doti. Akakata simu.